Nyuki kwenye Jiwe la Wapiga Mizinga

Jiwe la kuwakumbuka wapiga mizinga wetu waliofia kisiwani Bukini lina nyuki. Liko Manga, juu mlimani, kando ya uwanja wa baraza, na nyuki yuko upande wa kulia, mbele ya mdomo wa mzinga, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Ana mabawa mawili na miguu minne, kwa sababu miwili ilinishinda. Sihitaji kwenda kumtazama ili niwaambie hayo. Mimi ndiye niliyemchonga, na mimi ndiye niliyeshindwa kumfuta.

Siku moja nilimsikia mwalimu akiwaeleza wanafunzi wake mbele ya jiwe hilo kwamba nyuki ni alama ya bidii ya askari. Wanafunzi wakaandika. Nilikuwa nyuma yao nikanyamaza, maana mwalimu alikuwa amevaa tai na mimi nilikuwa na vumbi. Lakini nyinyi mnaoingia kazi hii ya kuchonga maandishi kwenye mawe mnapaswa kujua habari kamili, kwa sababu siku moja mtapewa karatasi kama niliyopewa mimi.

Nilijifunza kwa Fundi Ondieki, ambaye karakana yake ilikuwa mjini Kisii, upande wa barabara ya kwenda Mosocho. Ninaposema karakana msifikirie kuta. Kulikuwa na nguzo sita, mabati, na vumbi jeupe lililotufanya sote tuonekane wazee. Mwaka wangu wa kwanza alinichongesha herufi moja tu, O. Asubuhi O, mchana O. Nilipolalamika alisema, "Osoro, taja majina kumi ya watu wa kwenu." Nikaanza: Ombati, Onsongo, Okemwa, Ogeto. Akanikatiza: "Umeona? Mtu asiyeweza O asije Kisii kutafuta kazi ya herufi. Aende kwingine."

O huanzwa katikati ya mstari, si pembeni. Patasi ikianzia pembeni, jiwe la sabuni humeguka kama mkate, na hapo huna O tena, una shimo. Jiwe likiwa bichi, limetoka tu machimboni kule Tabaka, ni laini na linakudanganya kwamba wewe ni hodari. Ngoja likauke. Msasa usiupitishe bila maji, na vumbi lile usilivute. Mimi nililivuta, na mnasikia ninavyokohoa.

Jambo lililotusumbua kuliko jiwe lilikuwa Kiswahili. Nyumbani tulisema Ekegusii. Kiswahili tulikipata shuleni na kwa wageni. Lakini wateja walitaka maandishi ya Kiswahili, kwa sababu jiwe la Kiswahili lilionekana la mtu aliyetembea. Basi tulichonga tulichoambiwa. Nilichonga RARA SALAMA badala ya LALA SALAMA, maana ulimi wetu hauna L, na ulimi ukikosa herufi mkono nao huikosa. Na kuna bwana mmoja wa Nyanchwa, mtu wa ofisini kabisa, aliyetuletea maneno haya: BABA YETU MPENDWA KWAMBOKA. Kwetu baba ni mama. Yeye alijua anachosema, sisi tulijua anachosema, na jiwe likasimama. Ni mpaka mgeni kutoka pwani, aliyeoa kwetu, alipopita akauliza ni vipi mzee huyu alipewa jina la kike ndipo tulipotazamana.

Baada ya hilo Fundi aliweka sheria: kabla ya kugusa patasi, soma maneno kwa sauti, kisha mpe mtu mwingine ayasome. Sheria nzuri sana. Niliivunja mwezi uleule.

Ilikuwa miaka ya sitini ikielekea mwisho. Fundi alikuwa amekwenda Tabaka kuchagua mawe, na safari ya Tabaka ilikuwa ya wiki nzima, kwa sababu alipiga kila jiwe kwa kijiti na kulisikiliza kabla ya kulikubali. Nikabaki peke yangu. Ndipo akaja Sajini Nyamweya wa Manga.

Sajini alikuwa amestaafu jeshi siku nyingi, lakini mgongo wake ulikuwa haujapata habari. Wakati wa vita vikuu vya pili alikuwa mpiga mizinga, akapelekwa na vijana wengine wa kwetu hadi kisiwa cha Bukini, ambacho sasa mnakiita Madagaska. Huko kulikuwa na mapigano ya mizinga na Wafaransa walioshika kisiwa, na kundi lake lilipoteza watu. Sasa wazee wa Manga walikuwa wameamua wawekewe jiwe, na yeye ndiye aliyetumwa kuliagiza. Hakuketi. Alinipa karatasi, akasema, "Kila kitu kimeandikwa. Sitaki kuulizwa maswali," akageuka kwa kisigino akaenda zake.

Karatasi ilisema hivi. Kichwa: WALIOUAWA KISIWANI BUKINI. Chini yake majina sita. Kisha: "Juu ya majina chonga mzinga mmoja mkubwa, uonekane vizuri. Hao wote waliuawa na mizinga."

Bukini sikuijua. Kisiwa nilikijua, kule ziwani viko. Na mzinga niliujua kuliko vyote, kwa sababu baba yangu alikuwa na mizinga mitatu ya nyuki juu ya miti, na mmoja ulimwangukia mjomba.

Nilisoma mstari ule wa mwisho mara mbili, nikawahurumia wale watu kwa dhati. Kusafiri umbali wote huo, kuvaa sare, kupewa bunduki, halafu uuawe na nyuki! Lakini sikuona jambo la ajabu. Nyuki wa kwetu wamewahi kutawanya arusi nzima. Nyuki wa kisiwani, ambao hawana mahali pa kukimbilia, si watakuwa wakali zaidi?

Nikachonga. Siku nne. Nilichora gogo lililotobolewa, limelala juu, limefungwa kwa kamba mbili kwenye tawi. Upande mmoja niliweka tundu la kuingilia, na mbele yake nyuki watatu wakitoka kwa hasira. Nawaambia, mpaka leo sijachonga kitu kizuri kama hicho. Mafundo ya kamba ungeweza kuyafungua.

Fundi alirudi siku ya tano na lori la mawe. Alishuka, akanawa uso, akaja kutazama.

"Osoro, hii ni nini?"

"Mzinga, Fundi."

"Naona ni mzinga. Kazi ya nani?"

"Ya Sajini Nyamweya. Ya wale waliouawa na nyuki."

"Nani aliuawa na nyuki?"

"Askari sita, Fundi. Wameandikwa."

Nikampa karatasi. Aliisoma, akaishusha, akaisoma tena. Kisha akakaa juu ya jiwe ambalo lilikuwa bado na maji, na suruali ikalowa, na hakuinuka. "Momura," akaniita, na aliponiita kijana kwa Ekegusii nilijua mambo ni mabaya, "mzinga unaopigwa na askari haukai juu ya mti."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba Kiswahili kina neno moja kwa kitu cha asali na kitu cha kubomolea mji.

Jiwe lilikuwa moja. Lilikuwa la kijivu, lile gumu ambalo Fundi aliliamini kuliko la rangi ya waridi, na lingine la ukubwa huo halikuwapo kwenye lori. Siku ya kulisimamisha ilikuwa imeshatangazwa barazani. Kabla hatujaamua la kufanya, Sajini mwenyewe akaingia kukagua.

Aliukagua mzinga wangu kutoka kulia kwenda kushoto, halafu kutoka kushoto kwenda kulia.

"Hawa ni wadudu gani?"

Fundi akanitazama mimi.

"Nauliza, hawa ni wadudu gani juu ya watu wangu?"

"Nyuki, tata," nikasema, nikitumia neno la heshima zaidi nililokuwa nalo.

"Mimi nilipigana na Wafaransa!" akapaza sauti mpaka dereva wa lori akateremka kutazama. "Sikwenda Bukini kurina asali!"

Fundi Ondieki alimwacha amalize. Hilo nalo ni ufundi. Mteja mwenye hasira ni kama jiwe bichi, huligusi. Kisha akasema polepole, "Sajini, tazama kitu kimoja. Hili gogo tukilikata kamba, tukalilaza chini, tukalitia magurudumu, litakuwa nini?"

Sajini akainamisha kichwa upande. Sote tukainamisha vichwa. Na kweli, lilikuwa refu, la mviringo, na tundu lilikuwa upande unaofaa.

"Magurudumu gani?" akauliza Sajini.

"Ya mbao, yenye spoku."

"Yetu yalikuwa ya mpira."

"Basi ya mpira."

Nikachonga magurudumu ya mpira, nikitazama yale ya lori lililokuwa nje, hata alama za tairi nikaziweka. Tawi na kamba nilizifuta kwa tupa, nikalia kidogo kwa ajili ya yale mafundo. Nyuki wawili niliwasaga mpaka wakawa makombora yanayoruka. Wa tatu nilikuwa nimemchimba kwa kina. Kila nilipomsaga alizidi kuonekana nyuki. Fundi akanizuia: "Mwache. Ukiendelea utatokea upande wa pili."

Sasa nije kwa jambo lililokuwa zito kuliko nyuki.

Sajini alipokuwa bado anasimamia upana wa tairi, aliingia Kerubo, mwanamke wa Manga, akiwa anarudi kutoka sokoni Mosocho alikouza ndizi. Alikuwa amesikia kwamba jiwe linachongwa. Hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mistari ya penseli ambapo tulikuwa tumepanga kichwa na majina, akayahesabu kwa kidole.

"Sita," akasema. "Mogaka yuko wapi?"

Mogaka alikuwa kaka yake. Alikwenda Bukini na Sajini, kwenye mzinga uleule. Mapigano yalipopamba moto alitumwa nyuma kuleta makombora, na hakuonekana tena, si mzima wala maiti. Manga walikuwa wameshaamua kwamba alitoroka. Wengine walisema ana mke huko na watoto wanaosema Kifaransa.

"Niliwazika sita," Sajini akasema bila kumtazama. "Wa saba sikumzika."

"Hukumzika, kwa hiyo hakufa?"

"Sikusema hakufa. Nimesema sikumzika."

"Nyamweya, nikienda mtoni wananiita dada wa mtoro. Wananiita hivyo mbele ya watoto wangu."

"Mimi sijawahi kulitamka neno hilo."

"Wala hujawahi kulikanusha."

Kerubo akaweka kikapu chini. "Sina kaburi la kaka yangu. Mama yetu alikufa akiwa hajamlilia, kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia alie. Mimi nataka mahali pa kulilia. Niwekee jina tu, nilie, niende nyumbani."

"Jiwe si barua, Kerubo," akasema Sajini, na sauti yake haikuwa ya kijeshi tena. "Barua ukikosea unaichana. Siwezi kuandika kwamba amekufa na sikumwona amekufa. Je, akirudi?"

"Akirudi nitalivunja mwenyewe kwa nyundo."

Nilidhani yameishia hapo. Fundi Ondieki, ambaye alikuwa akinoa patasi kana kwamba hayamhusu, akauliza, "Sajini, kule kisiwani mlikuwa na Mogaka au hamkuwa naye?"

"Tulikuwa naye."

"Na hawa sita, walikuwa na Mogaka?"

"Mzinga mmoja, chakula kimoja. Walikuwa naye."

"Basi." Akachukua penseli ya seremala iliyokuwa sikioni. Chini ya majina sita akaacha nafasi ya vidole vitatu, akaandika: NA MOGAKA.

Tulitazama. Kerubo akasoma, akaligusa jina kwa kidole, kwa sababu alisoma: walikufa hawa sita, na Mogaka pia. Sajini akasoma, na mabega yake yakashuka, kwa sababu alisoma: walikufa hawa sita, waliokuwa na Mogaka. Herufi mbili tu. Kila mmoja akapata lake na hakuna aliyedanganywa. Vijana, hiyo ndiyo siku niliyoelewa kwamba yule mzee aliyenichongesha O mwaka mzima alikuwa mtu wa akili nyingi.

Mimi kwa furaha nikainua patasi. Fundi akanishika mkono. "Sheria inasemaje?"

Nikasoma kwa sauti kutoka juu, kichwa na majina yote sita, mpaka chini: "Waliouawa kisiwani Bukini... na Mogaka."



"Yaya!" Kerubo akapiga kelele ya kukataa. "Sasa ndiye aliyewaua!"

Na ni kweli. Ukisema watu waliouawa, kisha ukasema na fulani, huyo fulani ndiye mwenye kisu. Tungemtoa Mogaka kwenye utoro tukampandisha cheo kuwa muuaji wa watu sita, kwa maandishi, kwenye jiwe gumu la kijivu, mbele ya chifu. Kerubo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akiwa ameshika kikapu, machozi yakimtoka, na sikujua machozi yapi ni ya nini. Sajini alijizuia mpaka akafika nje, ndipo tukamsikia.

Fundi akafuta WALIOUAWA, akaandika WALIOFIA. Tukasoma tena, mmoja mmoja, hata dereva wa lori. Ndipo nikachonga.

Siku hizi mna mashine. Nimeona moja mjini: unaandika maneno, unabonyeza, unakwenda kunywa chai, ukirudi herufi zimekamilika na O zote zinafanana. Siisemi vibaya. Ingekuwapo wakati wangu mapafu yangu yangekuwa mapya. Lakini mashine haisemi "Yaya!" Ningeipa WALIOUAWA ikachonga WALIOUAWA. Kwa hiyo hata ukiwa na mashine, tafuta mtu mmoja ambaye maneno yale yatamuuma yakikosewa, umsomee kwanza.

Kusimamisha jiwe kulifanyika siku ya Alhamisi. Jumamosi Waadventista wangekuwa kanisani, Jumapili Wakatoliki, na Ijumaa chifu alikuwa na kesi. Jiwe lilifunikwa shuka. Watu walikuja wengi, wengine kwa heshima na wengine kwa sababu dereva wa lori alikuwa amesambaza habari za nyuki. Shuka lilipoondolewa nilisikia minong'ono ikielekea upande wa kulia wa jiwe, nikatazama miguu yangu.

Sajini alikuwa amevaa kofia yake ya kijeshi. Alisimama mbele ya jiwe na kuyasoma majina kwa sauti, na baada ya kila jina alipiga saluti, mkono ukipanda kama umevutwa kwa waya. Moja. Mbili. Watu waliyafuata majina kwa midomo. Kerubo alikuwa mbele, kanga imefungwa kichwani, hajatoa sauti. Baada ya jina la sita Sajini alinyamaza, na uwanja mzima ulijua anachofikiria.

"Na Mogaka," akasema.

Mkono wake ukapanda mpaka kwenye kofia, ukakaa hapo muda mrefu kidogo kuliko mara zile nyingine, ukashuka.

Kerubo akalia. Alilia kama mtu aliyefiwa asubuhi ile, na wanawake wa Manga wakamzunguka wakalia naye, wakiwemo wale wa mtoni. Tangu siku hiyo sikusikia tena mtu akimwita dada wa mtoro. Lakini ubishi ulianza kabla hata hatujashuka mlimani. Nusu ya watu walisema Sajini alipiga saluti saba, na askari wa namna yake hampigii mtoro saluti, kwa hiyo alijua Mogaka alikufa kwa heshima. Nusu nyingine walisema alipiga sita, na mara ya saba alishika tu kofia isipeperushwe.

Wiki iliyofuata Kerubo alikuja karakanani. "Osoro, wewe ulikuwa karibu naye kuliko sote. Ilikuwa saluti?"

Ilinibidi nimwambie ukweli. Nilikuwa nimeinama nikiangalia kama saruji ya chini imepasuka. Niliona kivuli cha mkono, na kivuli hakisemi.

Nikaenda kumwuliza Sajini mwenyewe nyumbani kwake. Alikuwa anapalilia. Alisema, "Upepo wa Manga unaujua," akaendelea kupalilia. Nilijaribu tena miaka ya sabini, tukiwa wawili tu na amenikaribisha uji. Alijibu maneno yaleyale, akaniongezea uji.

Kila siku ya kusimamisha jiwe niliandika hali ya hewa kwenye daftari, kwa sababu ya saruji. Nimeutafuta ukurasa wa siku ile. Nimeandika: jua, upepo kidogo. Kerubo, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu, bado hunitumia mtu kuniuliza kama upepo kidogo unaweza kuondoa kofia. Mimi humjibu kwamba inategemea kofia yenyewe ilimkaa vipi kichwani. Sajini alizikwa nayo.